Usiku Aliouchagua Dobi

Miguu ya Dobi ilikuwa imevimba tangu asubuhi, na asubuhi yenyewe kwake huanza saa kumi za alfajiri. Huyu ni mtu aliyesimama miaka ishirini na tatu mbele ya mashine ya pasi, chini kabisa ya meli ya watalii, mahali pasipo na dirisha, ambako habari za jua huzisikia kwa wenzake. Shuka zinaingia upande huu zikiwa mbichi, zinatoka upande ule zikiwa kavu na moto, yeye anazipokea. Foronya, taulo, vitambaa vya meza, leso za mezani zile za kufutia midomo. Jina lake analo, na kwenye karatasi za ofisi limeandikwa vizuri tu, lakini ukimwita kwa jina hilo mle chumba cha kufulia hata yeye mwenyewe hageuki. Mwite Dobi.

Sasa Dobi alikuwa anastaafu. Ilibaki safari moja ya siku saba, na kampuni ikamfanyia hisani mbili. Ya kwanza, mkewe apande meli bure kama abiria. Ya pili, wao wawili wale chakula cha jioni katika Mkahawa wa Juu, mara moja tu, usiku watakaouchagua wenyewe.

Huo Mkahawa wa Juu si ule ukumbi mkubwa ambako abiria wote hupanga foleni na sahani zao. Uko sitaha ya kumi na moja, una meza kumi na nne basi, abiria analipia zaidi na kuandikisha nafasi mapema, na ukija na kaptula unarudishwa mlangoni. Dobi alikuwa akivipiga pasi vitambaa vya meza zote kumi na nne kila siku ya Mungu. Kuketi kwenye hata moja, hajawahi.

Akapewa fomu. Fomu ilikuwa na visanduku saba, usiku wa kwanza hadi wa saba, tia alama kimoja, rudisha kabla meli haijang'oa nanga, na ukishatia hubadilishi. Jamani, mtu mzima na mvi zake alitembea na karatasi hiyo mfukoni siku nne nzima!

Usicheke. Jambo lenyewe lilikuwa zito. Dobi alikuwa akienda nyumbani miezi miwili kila mwaka, kisha anarudi melini. Mapacha wake walizaliwa yeye yuko baharini, habari akapewa kwa simu yenye kelele, na sasa mapacha wenyewe wana ndevu. Mkewe ni mkunga, nusu ya watoto wa mtaa wao wamepita mikononi mwake. Kila Dobi akienda likizo, yeye na Mama Mapacha walizungumza juu ya paa linalovuja, bomba, na mapacha. Hayo yakiisha, kwa kawaida kwenye siku ya tatu hivi, kimya. Dobi anachukua pasi, anapiga nguo zote za nyumbani, mpaka mapazia. Na sasa alikuwa anarudi moja kwa moja. Alikuwa anaogopa. Alitaka jioni moja tu wakae kama watu, wazungumze, waanze vizuri, na moyoni alijiambia kwamba akikosea usiku, ndiyo basi tena.

"Chagua wa pili," Redio alimwambia. Redio ni yule mwenzake wa meza ya kukunjia shuka, na jina hilo hakupewa kwa bahati mbaya. "Usiku wa pili nahodha anashuka kula na abiria, watu wanavaa, wanapendeza. Utapigwa picha!"

"Usiku wa pili watu wanaangaliana nguo, hawaongei," Dobi alisema. "Vitambaa vyake huja na poda tupu. Chakula hakijaguswa."

"Haya, mtaalamu."

Na mtaalamu alikuwa kweli. Ukiwa chini huko, huoni uso wa abiria, unaona alichomwaga. Usiku wa kwanza vitambaa hushuka karibu safi, watu wamechoka na mizigo. Wa nne bahari huchafuka, ni supu mtindo mmoja. Wa tano wametoka kutembea bandarini, wanasinzia, na watoto wamechora mezani. Wa sita huja na kahawa nyingi, watu wanahesabu siku zilizobaki. Wa saba hamna kitu, wote wako vyumbani wanafunga mabegi. Lakini wa tatu! Usiku wa tatu vitambaa hushuka na mchuzi, na nta ya mishumaa iliyoungua mpaka mwisho, maana yake watu wamekaa. Na leso za usiku wa tatu huja na wanja. Nyingi, kuliko usiku mwingine wowote.

"Wanacheka mpaka machozi yanawatoka," Dobi alimweleza Redio, kwa uhakika wa mtu aliyelitoa doa hilo miaka ishirini na tatu. "Huo ndio usiku."

Akatia alama kisanduku cha tatu, akarudisha fomu, roho ikatulia.

Mama Mapacha akapanda na begi moja dogo na viatu vya kazini, akapewa chumba kisicho na dirisha, akasema ni kizuri. Jioni ya kwanza Dobi alipomfikia, alikuwa hoi. Siku ya kupakia abiria ni siku ya vitanda vyote vya meli. Alikuwa amepokea shuka zaidi ya elfu mbili.

"Baba Mapacha, huko juu tunakula lini?" akauliza mkewe.

"Usiku wa tatu."

"Mbona wa tatu?"

"Wewe subiri tu. Mimi najua."

Mkewe akamtazama miguu. Wakunga wana jicho hilo. "Na unapumzika lini?"

"Nitapumzika nyumbani," Dobi akasema, na kabla hajamaliza kuvua kiatu cha pili alikuwa amelala.

Siku ya pili zikashuka taulo za bwawani. Siku ya tatu, kama kusudi, mashine moja kati ya mbili ikagoma, na kazi ya mbili ikafanywa na moja. Dobi akajikaza kisabuni. Redio alimwambia aombe ruhusa atoke mapema, akakataa. Hajawahi kutoka mapema, ataanza wiki ya mwisho? Alitoka saa kumi na mbili na nusu, akaoga maji baridi ili azinduke, akavaa suti aliyoipiga pasi mara tatu, akapanda ngazi za abiria huku ameshikilia chuma cha pembeni.

Mkewe alikuwa mlangoni mwa mkahawa. Alikuwa amevaa gauni la kijani ambalo Dobi hakulijua, na amejipaka wanja. Wanja! Mara ya mwisho Dobi kuuona wanja kwenye macho hayo ilikuwa siku ya harusi yao.

"Umependeza," akasema, na akamaanisha.

"Na wewe umesimama," mkewe akamjibu. "Nilidhani utaletwa kwa machela."

Wakacheka wote wawili. Mambo yakaanza vizuri hivyo, usiseme hayakuanza vizuri.

Wakapewa meza namba sita, ya pembeni. Taa ya mshumaa, kiti laini chenye mikono, muziki wa taratibu. Dobi akaweka viganja mezani na papo hapo akakijua kitambaa. Kilikuwa na kona iliyochanika mwaka juzi, akaishona yeye mwenyewe kwa uzi mweupe. "Hii kazi yangu," akamwonyesha mkewe. "Pitisha kidole. Huisikii." Mkewe akapitisha kidole, akasema kweli haisikiki. Mhudumu akaleta mkate wa moto na kuwawekea. Mkewe akasema, "Nina jambo nilitaka nikwambie, siku nyingi tu, lakini kwenye simu siwezi." Dobi akasogea mbele asikie vizuri. Akaegemeza shavu kwenye mkono.

Hapo ndipo kumbukumbu yake ya chakula hicho inapoishia.

Alilala fofofo. Kwanza shavu kwenye mkono, kisha mkono ukateleza, kisha shavu kwenye kitambaa. Alipofumbua macho mshumaa ulikuwa umebaki kipande kidogo, mbele yake kuna sahani iliyofunikwa, na mhudumu anakusanya glasi kwa hatua za kunyata.

"Nilitaka kukuamsha, mzee," mhudumu akasema kwa aibu. "Mama kanikataza."

Dobi akamtazama mkewe. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, uso umetulia tuli.

"Umekula?"

"Nimekula. Chakula kizuri sana."

"Ulisema una jambo."

"Litasubiri."

"Umekasirika?"

"Sijakasirika, baba. Twende ukalale."

Aibu aliyoibeba Dobi kushuka zile ngazi, hata adui yako usimtakie. Alitamani sakafu ipasuke. Lakini saa kumi za alfajiri kengele ilipolia aliamka, akavaa bwelasuti yake, akashuka kazini, kwa sababu mwili wake haukujua kufanya kitu kingine.

Kwenye saa moja gunia la Mkahawa wa Juu likashushwa. Redio alikuwa ameshaanza, "Haya bwana harusi, tupe habari!" Alipoona uso wa mwenzake akafunga mdomo, na hiyo kwa Redio si kazi ndogo. Dobi akamwaga gunia mezani na kuanza kuchambua. Mchuzi huku, nta huku. Kitambaa cha saba au cha nane, vidole vyake vikakutana na kona iliyoshonwa.

Akakitandaza chote.

Upande wake kilikuwa kama kilivyotoka kwenye pasi. Hakuna tone. Ila lile doa la mate na mafuta ya nywele, pale kichwa kilipolala. Upande wa mkewe kulikuwa na chembe za mkate zilizokusanywa kilima kidogo, kama anavyozikusanya nyumbani, na alama ya duara ya glasi, moja, mahali pamoja, maana haikuinuliwa mara nyingi. Mtu huyu alikula kidogo akakaa muda mrefu. Dobi hakuhitaji kuambiwa, alikuwa akisoma maandishi hayo nusu ya maisha yake.

Ndani ya kitambaa kulikuwa na leso ya mkewe. Ilikuwa imekunjwa mara nne, doa likiwa ndani, kama inavyokunjwa na mtu asiyetaka mhudumu aone. Akaikunjua. Wanja. Si alama moja ya mtu aliyecheka akajifuta kona ya jicho. Ulikuwa umesambaa pande zote mbili, umefutwa, ukafutwa tena, mpaka leso imekuwa ya kijivu.

Dobi akasimama na leso ile mkononi. Akakumbuka leso zote za usiku wa tatu, miaka ishirini na tatu, mabeseni kwa mabeseni, na jinsi alivyokuwa akizitumbukiza kwenye maji ya dawa huku akisema hawa wamefurahi. Nani alimwambia wamefurahi? Hakuna aliyemwambia. Nta iliungua mpaka mwisho kwa sababu watu walikaa, sawa, lakini hata mtu anayelia hukaa.

"Dobi, mashine inakusubiri," Redio akasema polepole.

Dobi akavua glavu, akaziweka juu ya meza ya kukunjia, akatoka. Katikati ya zamu. Redio alibaki ameshika ncha mbili za shuka, mdomo wazi.

Mkewe alifungua mlango akiwa na kanga begani, kikombe cha chai mkononi na sahani ya mkate kitandani. Aliiona leso kabla hajamwona mumewe vizuri, akaelewa. Yeye naye si mtoto.

"Ulilia," Dobi akasema.

"Kidogo."

"Hii si kidogo, Mama Mapacha. Hii naijua."

Mkewe akakaa ukingoni mwa kitanda, akampisha nafasi. "Nilikuwa nakula peke yangu na mume wangu yuko mbele yangu," akasema. "Nikaona, kumbe ndivyo tulivyoishi. Nilijipaka wanja nikajisikia mjinga."

"Niliuchagua ule usiku kwa ajili yako. Siku nne nilitembea na ile fomu. Niliviangalia vitambaa vyote, nikapima..."

"Najua ulipima. Uliviuliza vitambaa," mkewe akamkatiza. "Mimi hukuniuliza. Ungeniuliza ningekwambia usiku wowote, hata ule wa mwisho ambao hakuna anayeutaka. Wowote ambao wewe hujashinda umesimama. Na hilo ndilo jambo nililotaka kukwambia jana, kwamba ukirudi nyumbani usishike pasi. Mapazia yangu yakae na makunyanzi yake. Wewe kaa."

Machozi yalimjaa Dobi, akayaacha, maana leso iliyokuwepo ilikuwa imeshachafuka.

"Basi nakuuliza," akasema mwishowe. "Tule lini?"

Mkewe akamtazama miguu. "Tangu saa kumi umetia nini tumboni?"

"Sijatia kitu."

"Vua viatu."

Akavua. Mkewe akaukata mkate vipande viwili, akampa kikubwa, akasukuma kikombe cha chai katikati yao. Chai ilikuwa imeshaanza kupoa na mkate ulikuwa wa jana. Wakala polepole. Nje, kwenye ujia, kipaza sauti kikakwaruza, kikaita: Dobi, chumba cha kufulia. Kikaita tena: Dobi, Dobi, tafadhali.

Hakugeuka.