Mluzi Chini ya Boneti

Mume wangu ni fundi magari, na mtaa mzima unamwita Sikio. Hana kompyuta ya kuliuliza gari linaumwa nini. Ana kipande cha mpira chenye urefu wa mkono: ncha moja sikioni, nyingine anaipitisha juu ya injini, huku mdogo wake amekaa kwenye usukani akikanyaga mafuta. Wamefanya hivyo miaka ishirini na miwili, wakila sahani moja. Karakana iko uani, na cherehani yangu iko dirishani, kwa hiyo naona na kusikia mengi kuliko wanavyodhani.

Jumatatu daktari wa meno mstaafu alileta gari lake. Ni gari la kifahari la enzi zile, viti vya ngozi, mbao zinazong'aa kwenye dashibodi, na mzee mwenyewe hulifuta vumbi kwa leso yake ya mfukoni. Barabara ikiwa tambarare halina neno. Likipanda mlima, nguvu zinakata ghafla. Mguu umekanyaga mpaka mwisho nalo linajikongoja, malori nyuma yanapiga honi. Mzee alisema bila kuzunguka kwamba lisipopona kufikia Jumamosi atalipeleka kwingine na hatalirudisha. Robo tatu ya wateja wetu waliletwa na mzee huyo. Akihama yeye, karakana ingebaki ya kuanikia nguo.

Sikio alianza na mafuta. Alipima pampu, akabadilisha filta. Alifungua plagi akazikuta nyeupe, dalili kwamba injini inavuta hewa nyingi kuliko inayopimwa, basi akasafisha sensa ya hewa. Kisha akasikiliza kwa mpira wake, mbele, nyuma, kwa subira kabisa, asisikie kitu. Kila akimaliza, shemeji alilipeleka gari mlimani na kurudi akitikisa kichwa, akimwambia pole kaka. Ijumaa mume wangu hakugusa chakula. Alisema gari linamchezea shere.

Jumamosi asubuhi niliwapelekea chai. Injini ilikuwa inanguruma, Sikio ameinama chini ya boneti, shemeji yuko kwenye usukani. Niliweka birika juu ya pipa, na kwa kuwa nilikuwa nimeudhika wiki nzima, nikasema:

"Na huo mluzi utaisha lini?"

Hakugeuka. Nikarudia kwa sauti ya kuita jirani.

"Mluzi gani?" akauliza.

Ulikuwa mluzi mwembamba, unapanda kila shemeji akikanyaga mafuta. Nilimwonyesha unakotoka, kwenye bomba nene la mpira linalopeleka hewa kwenye injini. Akalipapasa upande wa chini, usioonekana, na kidole chake kikazama ndani. Bomba lilikuwa limepasuka. Injini ikielemewa na mlima inainama kidogo, mpasuko unaachama, na hewa inaingia bila kupita kwenye sensa. Mtoto wa shule angelipata kosa lile, mradi ana masikio.

Shemeji alizima injini, akabaki anatazama magoti yake.

"Wewe umeusikia tangu lini?" Sikio alimuuliza.

"Tangu Jumatatu, kaka."

Kabla hatujapumua, mzee wa meno akaingia na leso yake. Alimsalimia mume wangu kwa upole wa mtu anayetoa pole, kisha akamgeukia shemeji na kumuuliza kama alifuate gari kwenye karakana mpya ambayo shemeji anaifungua, ama walimalizie hapa hapa. Maskini mzee alidhani tunajua. Alieleza kwamba shemeji alishamwambia tangu Jumatatu kuwa tatizo ni dogo, ila ampe kaka mpaka Jumamosi, ashindwe mwenyewe bila kufukuzwa na mtu.

Nilimwambia shemeji kila nililokuwa nalo kifuani: kwamba alimkalisha kaka yake siku tano juu ya gari alilojua dawa yake, kwamba alikula kwangu jana usiku huku mwenzake amesusa sahani. Nilisema ni heri mwizi, kwa kuwa mwizi hakuiti kaka.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema taratibu, wala hakuwa na hasira:

"Mbona hata wewe unajua, shemeji? Mwaka mzima unampigia kelele ukimwita mezani. Redio unampandishia wewe. Nani alimwambia?"

Sikumwambia. Nilijiambia namstahi. Nilijua mtu anayeitwa Sikio angevunjika moyo, nikaona afadhali nipaze sauti kidogo kidogo ili asitambue.

Mume wangu aliacha kumtazama mdogo wake, akanitazama mimi.

"Ulijua?"

"Nilijua," nikasema kwa sauti ya chini.

Akanisogezea kichwa, mkono nyuma ya sikio lake, akingoja. Ikabidi niseme tena, kwa nguvu, mzee wa meno na shemeji wakisikia.