Koti Lililonitoa Jasho Tandika

Haya nawaandikia wenzangu wa mazoezi ya asubuhi, hasa wenye mvi kama mimi, na yeyote anayejiandaa kwenda mlimani akitokea huku kwetu kwenye joto. Naitwa Mgaya, mstaafu, mkazi wa Kimara. Niliupanda Kilimanjaro kwa miguu yangu, nikashushwa kwa machela. Kosa lilikuwa langu, na lilianza siku niliyochagua koti.

Nilizaliwa Njombe. Miezi ya sita na ya saba, asubuhi, majani kule yalikuwa meupe kwa sakitu. Tulipokwenda shule pekupeku yalivunjika chini ya nyayo kama chumvi ya mawe. Tukipumua, moshi ulitoka mdomoni, nasi watoto tulishindana moshi wa nani unafika mbali. Baba alikuwa na koti moja la sufu, kubwa, zito kama mtu. Tulilala chini yake wanne. Lilitukandamiza, na kule kukandamizwa ndiko tulikokuita joto.

Nilikuja Dar es Salaam baada ya kidato cha nne, nikapata kazi ya ukarani kwenye bohari. Nikaoa mtu wa nyumbani, tukajenga Kimara wakati bado ni mashamba ya mikorosho. Asubuhi za Julai Kimara ya wakati ule ilikuwa na kibaridi kidogo. Mke wangu alijifunga khanga mbili, akasimama uani na kusema, "Leo kama nyumbani." Haikuwa kama nyumbani hata kidogo, lakini nilikuwa namkubalia. Alipofariki nilibaki na nyumba yenye joto na feni inayozungusha joto lile lile.

Ndipo nilipojiunga na kikundi cha mazoezi. Tunatembea kutoka Kimara hadi Mbezi Luis na kurudi. Kwetu jasho ndiyo shahada. Anayerudi na fulana kavu anaulizwa kama alikuwa anakwenda kuposa. Wengine huvaa sweta chini ya jua ili jasho lionekane mgongoni. Nami nilikuwa mmoja wao, na nilijivunia.

Rafiki yangu mkubwa pale ni Mzee Shabani, Mzaramo wa Temeke aliyehamia Kimara kwa mwanawe. Siku kikundi kilipotangaza safari ya Kilimanjaro, si kileleni, ni kufika kituo cha pili na kurudi, nilijiandikisha wa kwanza. Sikutaka kilele. Nilitaka kuona tena pumzi yangu na kukanyaga sakitu kabla sijafa. Shabani naye alijiandikisha.

"Wewe huko unafuata nini?" nilimuuliza. "Baridi yenyewe hujawahi kuiona."

"Nimeiona," alisema. "Kwenye friji la mkwe wangu. Mie nakwenda kukutazama wewe wa bara unavyotamba kwenu."

Binti yangu Neema ni mwalimu, anakaa Madale. Aliposikia, aliuliza kwa watu waliowahi kupanda, kisha akaja na zawadi. Lilikuwa koti lililosokomezwa kwenye kimfuko kidogo, kama mkate wa bofulo. Nilipolitoa lilijaa taratibu. Nikalipima mkononi. Halikuwa na uzito wowote.

"Neema, hili ni koti au ni mfuko wa kuwekea koti?"

"Baba, ndiyo makoti ya mlimani hayo. Ndani lina nyuzi zinazoshika hewa. Hata likipata unyevu halifi kabisa, na linakauka upesi. Hewa iliyoshikwa mle ndiyo inayokutia joto."

"Mama yako na mimi tumekulia kwenye baridi," nilimwambia. "Hewa ndiyo iliyokuwa inatutesa."

Alicheka, nami nikacheka. Alipoondoka nililipeleka kwa Shabani. Nilimwambia achukue yeye, mtu wa pwani, mimi sivai karatasi. Shabani hakubishana. "Lete. Mie sina ujuzi wa baridi. Navaa nnachopewa."

Mimi nikaenda mitumba ya Tandika, mchana, jua likiwaka. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. Alinivalisha makoti kadhaa, nami nikawa nayavua mpaka nilipovaa moja la kitambaa kigumu, limejazwa pamba, linafika magotini.

"Hilo sasa, mzee wangu," alisema. "Kaa nalo kidogo. Ukitoka jasho ujue linafanya kazi."

Nikasimama nalo katikati ya watu. Jasho likanitoka kwapani, likashuka mgongoni mpaka kiunoni. Mama mmoja aliyekuwa anachagua mapazia akamwambia mwenzake, "Yule babu kapandwa na nini?" Sikujali. Mabega yalilemewa kama zamani chini ya koti la baba. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nifiwe. Nikalinunua.

Siku ya kwanza mlimani tulipita msituni, na koti lilibebwa na mpagazi. Asubuhi ya pili niliamka nikaona pumzi yangu. Nilitoka nje peke yangu, nikapumua, nikautazama moshi, nikapumua tena. Machozi yalinilenga. Tulipokuwa tunaanza safari ya siku hiyo, nikalivaa lile koti.

Mwongozaji wetu aliniambia, "Shikamoo mzee. Vua koti hilo, tunapanda sasa. Utalivaa tukisimama."

"Marahaba. Mimi nimezaliwa kwenye baridi, mwanangu."

Wenzangu wote walikuwa na fulana nyepesi na kijisweta chembamba. Shabani alikuwa amelisokomeza lile koti la Neema ndani ya begi lake, kwenye mfuko wa plastiki. Tulipotoka msituni tukaingia kwenye vichaka vifupi, jasho lilikuwa limeshanilowesha. Nililisikia likichuruzika hadi kwenye mkanda wa suruali, nikafurahi. Kichwani mwangu bado nilikuwa barabara ya Morogoro: jasho ni dalili njema. Kisha ukungu ukashuka na manyunyu yakaanza. Nikavaa koti la mvua juu ya lile zito. Jasho likakosa pa kutokea, likaingia kwenye pamba. Kila hatua koti liliongezeka uzito, nami nikaona uzito ule ni ulinzi.

Tulisimama kula mchana mahali pa wazi. Upepo ulipiga. Mara moja mgongo wangu ukawa kama umebandikwa bamba la chuma kilicholala nje. Nilianza kutetemeka, kwanza taya, halafu mikono, halafu mwili mzima. Yai nililopewa lilinidondoka mara mbili. Nilitaka kwenda haja ndogo, vidole vikashindwa kufungua zipu, nikajikojolea. Sikusikia aibu. Nilisikia tu kwamba mkojo ni wa moto na kwamba ni mzuri. Tulipoanza kutembea tena nikawa wa mwisho, najikwaa kwenye vijiwe vidogo.

Kisha kutetemeka kukakoma, na nikasikia joto. Hapo ndipo mauti yalipo, ndugu zangu, na mimi nilidhani ni nafuu. Nikaketi kando ya njia, nikaanza kuvua koti la mvua.

Shabani aligeuka. Baadaye alisema hakugeuka kwa sababu ya koti. Aligeuka kwa sababu nilikuwa nimenyamaza.

"Mgaya, mbona kimya? Wewe hunyamazagi hata msikitini kwetu ukija mazikoni."

Nilitaka kumjibu. Ulimi ulikuwa mzito, nikatoa sauti ya mlevi. Akaniinamia, akanishika shavu. Akaita, "Mwongozaji, huyu mtu amekuwa baraf..." Maneno yalimkatikia njiani.

Mwongozaji alikuja mbio. "Vueni nguo zote zilizolowa. Nani ana koti kavu?"

Wapagazi wenye mizigo walikuwa wametangulia mbali. Shabani alikuwa amelivaa lile la Neema tangu tuliposimama kula. Alilivua. Nakumbuka zipu ikishuka na mvuke ukipanda kutoka kifuani kwake. Walinivua mpaka nikabaki uchi wa mnyama mbele ya watu wa kikundi changu, wanawake wakageuza nyuso, wakanipangusa kwa khanga ya mmoja wao, wakanivalisha. Lile koti lilikuwa na joto la mwili wa Shabani. Mwongozaji akanifunika kichwa kwa kofia yake, wakanizungushia turubai, wakaninywesha kidogo kidogo chai ya chupa yenye sukari nyingi, wakaniwekea na chupa za maji moto kwapani. Baada ya muda nikaanza kutetemeka upya. Mwongozaji alipoona natetemeka alisema, "Alhamdulillahi." Shabani akasema, "Huyo ni Mkristo, lakini itikieni tu."

Mwongozaji alipiga simu, wapagazi wakaleta machela yenye gurudumu moja kutoka kituoni, wakanishusha. Shabani alibaki na sweta na koti la mvua, akatembea haraka pembeni yangu ili asigande, huku akinikataza kulala.

"Nitajie vituo kutoka Kimara Mwisho."

"Stopova. Suka. Mbezi."

"Temboni umeipeleka wapi, wewe wa bara? Anza upya."

Nilianza upya sijui mara ngapi.

Hospitalini Moshi nilipata nimonia. Nilitema makohozi yenye rangi ya kutu. Kila pumzi ilichoma ubavu wa kulia. Daktari, mama mmoja mpole, aliniuliza nilivaa nini. Nikamweleza.

"Mzee, wewe hukuloweshwa na mvua," alisema. "Ulilowa kutokea ndani. Mvua ilikuja kumalizia tu. Pamba ikishalowa haina joto la kukupa, inakunyang'anya ulilo nalo."

Neema alifika kutoka Dar macho yamevimba. Alinishika mkono, akauliza, "Baba, lile koti ulilivaa?"

"Nilivalishwa," nikamjibu, na nikamweleza yote, hata maneno niliyomwambia Shabani wakati nampa. Hakunilaumu. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye kiti. Alilichukua, akalikunja taratibu, akawa analisokomeza kwenye kimfuko chake, mkono mmoja baada ya mwingine. Nimewahi kukaripiwa na wakubwa wa kazi mbele ya watu, lakini hakuna aliyewahi kuniumiza kama mtoto yule akikunja koti.

Kupona kulichukua muda mrefu. Nilirudi Kimara nikiwa siwezi kutoka kitandani hadi uani bila kushika ukuta. Neema alihamia kwangu, akawa ananipigapiga mgongo asubuhi ili kikohozi kitoke. Baadaye nikafika getini. Baadaye nikafika dukani. Sasa natembea polepole, lakini pafu la kulia halijarudi kama zamani, na daktari amenikataza milima.

Mnaokwenda, nawaomba msichague koti kwa uzito, na msilijaribu kwa jasho. Joto la Dar halijui lolote kuhusu baridi. Chukueni lile jepesi linalojikunja dogo, lenye nyuzi ndani, liwe na kofia na nafasi ya kuvaa sweta chini yake. Yale ya manyoya ya bata ni mazuri zaidi kwenye baridi kavu, ila yakilowa yananywea, na njia zetu za mlimani zina mvua. Pamba iacheni nyumbani, hata fulana. Koti likae kavu ndani ya begi lako mwenyewe, si kwa mpagazi. Ukipanda, vua, uone baridi kidogo. Ukisimama, vaa kabla hujaisikia. Na ukipewa ushauri na mtoto wako, usimjibu kwa habari za ulikozaliwa.

Namshukuru Mungu, na mwongozaji, na wapagazi walioshika machela. Namshukuru Neema. Mwaka huu yeye ndiye anakwenda na kikundi, na Shabani anakwenda tena. Juzi Shabani alikuja kunijulia hali. Nilimwambia nina hofu, amwangalie binti yangu.

"Nitamwangalia," alisema. "Ila mtoto wako hana shida. Akiambiwa vua, anavua."

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Akangoja kiishe, mkono wake mgongoni mwangu, akisikiliza kama napumua.