Sufi na Sufu Katika Rafu ya Shampuu

Nilianza kazi siku ya Jumanne, tarehe 3 Machi 1953, katika duka la dawa mjini Tanga, mahali ambapo maduka makubwa yanakoma na nyumba za Ngamiani zinaanza. Niliagizwa nifike saa mbili. Nikafika saa mbili kasorobo, nikakaa barazani nikiisoma ilani ya mlangoni mara tatu, kwa sababu niliweza. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba. Mume wangu, marehemu Athumani, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki Oktoba 1951, nami nilipomaliza eda niliingia darasa la watu wazima badala ya kurudi kwetu Mkwaja kama ukoo ulivyotaka. Kusoma, basi, nilikujua kwa mwaka mmoja tu, na nilikubeba kama mtu anavyobeba yai.

Mkuu wa duka alikuwa Bwana Mfamasia, mzaliwa wa Tanga, mtoto wa wazazi waliotoka Bara Hindi. Mji ulimwita Daktari wa Chupa, maana hakugusa mgonjwa, aligusa chupa tu.

"Unajua kusoma?" aliniuliza.

"Najua, Bwana."

"Na kuosha chupa?"

"Chupa sikuzisomea, Bwana, lakini najua."

Akacheka. "Basi tutaanza na usilolisomea."

Kituo changu cha kwanza kikawa chumba cha nyuma, kwenye beseni la chupa, na hapo ndipo nilipoiona shampuu ikizaliwa. Wakati huo wanawake wengi walisema "sabuni ya maji". Bwana Mfamasia alipasha mafuta ya nazi katika sufuria ya chuma, akamimina humo polepole maji yaliyoyeyushiwa potasi. Potasi ni chumvi kali, ileile iliyomo katika majivu ya makumbi ya nazi, ambayo bibi zetu walifulia nguo bila kuijua jina. Akakoroga kwa muda mrefu. Mafuta yakawa uji, uji ukawa kitu cheupe kinachovutika, na kilipotiwa maji ya mvua na tone la manukato kikawa rangi ya asali, safi hata unaona kidole chako upande wa pili wa chupa.

Nilistaajabu hata nikasahau beseni. "Bwana, mafuta ndiyo yanayotia nywele mafuta. Vipi hayohayo yayaondoe?"

"Maji na mafuta hawasemezani," alinijibu. "Sabuni ni mshenga. Mkono mmoja ameshika maji, mkono mwingine ameshika mafuta, na wote wawili wanatoka nyumbani pamoja."

Wanangu, nimesikia hotuba nyingi tangu siku ile. Hakuna iliyonifungua akili kama ile ya mshenga.

Januari 1954 nilihamishiwa mbele, kwenye meza ya wanawake. Shampuu zilikuwa zimeanza kuingia kwa wingi: unga wa pakiti, ambao ulikuwa sabuni iliyosagwa pamoja na magadi, ile yetu ya potasi, na nyingine mpya kutoka Ulaya katika chupa ya kioo, iliyoitwa shampuu isiyo sabuni. Wateja walikuwa na swali moja, nalo waliliuliza kwa kunong'ona: "Humu hamna nguruwe?" Vibandiko vilikuwa vya Kiingereza na vilisema machache. Kwa hiyo Bwana Mfamasia aliviandikia barua viwanda vyenyewe, akapata majibu, akaamua kila shampuu iwe na kadi yake ya Kiswahili rafuni. Tuliziita Kadi za Vilivyomo. Siku hizi mngesema viambato. Yeye alitafsiri akinisomea, mimi niliandika. Sikuwahi kupewa heshima kubwa zaidi ya kalamu ile.

Kabla ya kuandika, alinifundisha kulinganisha. Tulitia kila shampuu kijiko kimoja katika chupa yake, tukaongeza maji ya kisima cha Ngamiani, ambayo kila mwenye kunywa chai mtaani anayajua kwa uchumvi wake. Maji ya namna hiyo huitwa maji magumu: yana chokaa iliyoyeyuka, na chokaa huigandisha sabuni. Nikatikisa. Unga wa pakiti ukafanya mabonge kama maziwa yaliyoharibika. Ya potasi ikatoa povu, kwa kuwa nazi ni hodari kuliko mafuta mengine, lakini ikaacha utando. Ile isiyo sabuni ikafura povu jeupe hadi mdomoni mwa chupa, maji chini yakabaki maangavu. Nilisema "Subhanallah" kwa sauti, mbele ya wateja.

"Inasafisha mno," Bwana Mfamasia aliniambia. "Haiachi hata mafuta ya Mungu kichwani. Ndiyo maana wameitia mafuta ya sufu, ili wazirudishie nywele kidogo. Andika: mafuta ya sufu."

Mimi nikaandika: mafuta ya sufi.

Nawaomba msicheke kabla ya kufikiri. Nilikulia Mkwaja, ambako msufi ulisimama nyuma ya kila nyumba, na mbegu zake nilizijua zina mafuta. Sufu sikuwa nimewahi kuigusa. Kondoo wetu wa pwani wana manyoya kama ya mbuzi, na blanketi nililiona kwa wageni. Sikio langu lilisikia linachokijua. Nikafurahi pia, kwa sababu mafuta ya mti hayana swali la uhalali.

Jumatano, tarehe 11 Agosti 1954, wiki ya Idi Kubwa, aliingia Bi Tatu wa Ngamiani. Bi Tatu alikuwa somo wa wasichana, yaani mwanamke mtu mzima anayemwandaa bibi arusi, na wakati huo alikuwa amemweka ndani Mwanaasha, ambaye ndoa yake ilipangwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Nipe ile ya povu inayosifiwa mtaa mzima. Kichwa cha mwanangu kina moshi wa kuni wa miaka kumi na minane." Akaishika chupa, kisha akaiweka. "Lakini ngoja. Mwana huyu hapatani na mafuta ya sufu. Mwaka jana alipakwa marhamu yenye sufu, shingo ikamtoka vipele kama mchele. Humu yamo?"

Nikaichukua kadi, nikaisoma wazi, duka zima lisikie.

"Sufi au sufu?" akauliza.

"Sufi, Bi Tatu. Sufi ni ya mito ya kulalia, inatoka mtini. Sufu inatoka kwa kondoo. Tofauti ni herufi moja tu, lakini herufi ndiyo elimu yenyewe."

"Haya, mwalimu! Sisi wa giza tunaazima macho yenu." Wanawake wakacheka, nami nikacheka nao.

Alirudi Jumamosi asubuhi, peke yake, kanga ameivuta hadi kwenye nyusi. Hakuja kulaumu. Alitaka dawa ya kutuliza mwasho. Kichwa cha Mwanaasha kilikuwa kimevimba, alisema, na nyuma ya masikio ngozi ilikuwa inatoa maji. "Ni jicho," akaongeza, "na mwenye jicho tumemjua. Ni Bi Mishi, yule mpaka hina. Alimtazama mtoto sana siku ya kwanza, naye mwenyewe hana mtoto. Tumemfukuza. Asikanyage arusini."

Nilikwenda chumba cha nyuma. Bwana Mfamasia alitoa barua ya kiwanda kwenye jalada, akaweka kidole chini ya neno lanolini.

"Mafuta ya sufu," akasema.

"Nilisikia sufi, Bwana."

"Nilisema sufu, Bi Riziki."

"Ndiyo, Bwana."

Alikunja barua polepole. "Mwandiko ni wako, lakini kadi sikuirudia kuisoma, na hilo ni langu. Nitampa marhamu isiyo na sufu, na ngozi itapona. Watu wataendelea kusema jicho."

"Na Bi Mishi?"

"Bi Mishi ni nani?"

"Ndiye anayebebeshwa herufi yangu."

Akairudisha barua jaladani. "Ukiusema ukweli huu Ngamiani, huenda Jumatatu hatutapata mteja. Tena huenda wasikubali kuisikia kadi yoyote utakayoisoma maishani mwako. Umelifikiri hilo?"

Nililifikiri njia nzima ya kwenda Ngamiani. Sikuwa na mtoto, sikuwa na mume, sikuwa na shamba. Nilikuwa na neno langu rafuni, na watu waliolisadiki.

Nyumba alimowekwa Mwanaasha ilijaa wanawake. Nilisimama ukumbini, nikamwambia Bi Tatu: "Si jicho. Ni herufi. Humo mna sufu, mimi niliandika sufi."

Mmoja akaguna. "Herufi inawasha?"

"Hii imewasha," nikajibu.

Bi Tatu akasema kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele: "Ulituambia herufi ndiyo elimu."

"Niliwaambia. Yangu ilikuwa haijaiva, nami nikaiuza mbichi."

"Na nani alimruhusu mjane ashike vitu vya arusi?" sauti nyingine ikatoka jikoni. "Mnaleta nuksi kwa mikono yenu, halafu mnamtafuta mchawi."

Aliyenijibia alikuwa Mwanaasha, kutoka nyuma ya pazia la chumba: "Mwacheni! Nuksi ingekuja kuomba radhi? Mwambieni aingie aniondolee alichoniletea. Na Bi Mishi aitwe, nusu ya mguu wangu haina hina."

Wanawake wakaangua kicheko, hata aliyekuwa jikoni.

Nikamhudumia siku tano. Siku tatu za mwanzo kichwa nilikisuuza kwa maji ya mvua matupu, ya uvuguvugu, kisha nikapaka marhamu ya Bwana Mfamasia. Siku ya nne nilitumia shampuu yetu ya potasi, tone dogo. Na hapo, katika msiba wangu mwenyewe, nikastaajabishwa tena: katika maji ya mvua, yasiyo na chokaa, sabuni yetu ya nazi ilitoa povu laini sawa na lile la Ulaya, wala haikuacha utando hata chembe. Kumbe si chupa tu inayolinganishwa. Maji nayo ni kiungo, ngozi nayo ni kiungo, na hakuna kadi inayoviandika.

Alhamisi, tarehe 19 Agosti, Mwanaasha aliolewa. Palibaki magamba madogo nyuma ya sikio la kushoto, Bi Tatu akayafunika kwa asumini. Bi Mishi alimaliza hina yake, ila mimi hakunijibu salamu hadi mwezi wa Maulidi.

Bwana Mfamasia hakunifukuza. Alizichana kadi zote kumi na moja, hata zilizokuwa sahihi, akasema hatutaandika tena neno ambalo mwandishi hajaligusa. Tukaweka sinia juu ya meza: mbata, yaani nazi iliyokaushwa, potasi ndani ya kichupa kilichozibwa, magadi, na fundo la sufu aliloliagiza kutoka milimani Usambara. Nilipoliminya, vidole vyangu viling'aa mafuta, yenye harufu ya mnyama aliyenyeshewa. Kila kadi mpya niliisoma kwa sauti, yeye akafuatisha kwa barua. Wateja walipungua, kama alivyosema. Walirejea mmoja mmoja, na walipoingia walitaka kwanza kuiona sinia.

Mwaka 1957 nilipelekwa tawi la Pangani, chini ya Msimamizi wa Tawi, mtu mkali wa saa na mpole wa moyo. Huko niliona magunia ya mbata yakipakiwa, nikamuuliza yanakwenda wapi. "Ulaya," akasema. "Yanarudi humu dukani katika chupa. Hata ile isiyo sabuni, wengine huitengeneza kutokana na mafuta ya nazi." Nazi iliyoanguka nyuma ya nyumba ya mtu wa Pangani ilivuka bahari, ikabadilishwa asili na jina, ikarudi kukaa rafuni umbali wa kutupa jiwe kutoka mnazi wake, na mwenye mnazi akaja kuniuliza kama ni halali.

Nilistaafu tarehe 30 Juni 1979, nikiwa mkuu wa sehemu ya vipodozi. Siku hizi vibandiko vina mistari ishirini ya vilivyomo, kwa herufi ndogo kama siafu, nami nazisoma kwa miwani na kustaajabu kwamba bado mshenga ni yuleyule. Vijana waliofanya kazi chini yangu huniuliza ni siku gani niliyojivunia zaidi. Hudhani nitataja ile ya cheo.

Nawatajia Alhamisi, tarehe 12 Mei 1955. Mwanaasha aliingia dukani, mwanamke wa nyumba yake sasa, nikamsalimu, nikanyoosha mkono kuchukua kadi nimsomee.

"Usinisomee, dada Riziki," akasema. "Nimo darasani tangu Januari."

Akaichukua chupa ya kioo na kadi yake. Akasoma kwa kidole, kwa sauti, jasho likimtoka puani, na sikuthubutu kumsaidia hata silabi moja. "Ma-fu-ta... ya... su..." Akasimama. Akainamisha uso karibu zaidi na karatasi, akaitazama ile herufi kwa muda mrefu kama mtu anayemtambua adui.

"Fu," akasema. Akairudisha chupa rafuni. "Hii si yangu. Nipe nyingine niisome."