Mikono ya Dada Kwenye Skrini

Dada yangu mkubwa hufundisha lugha ya alama akiwa sebuleni, mbele ya kompyuta. Ni mwalimu hodari, ila subira hana. Naishi naye, najua ninachosema.

Mwanafunzi aliyemtoa jasho alikuwa babu mmoja, fundi saa mstaafu. Mjukuu wake ni kiziwi, na likizo ile angekuja kukaa kwake kwa mara ya kwanza. Babu alitaka wazungumze. Lakini dada akionyesha alama, mzee alikodoa macho tu, kisha akarudisha kitu kisicho na kichwa wala miguu.

"Babu, mbona hunitazami?" dada alifoka.

"Nakutazama, mwalimu."

Intaneti hatukuishuku. Tangazo la kampuni lilisema hadi megabiti hamsini kwa sekunde, na kweli, babu tulimwona mpaka mikunjo ya vidole. Basi tukaamua mzito ni yeye. Somo la sita hakutokea.

Wiki hiyohiyo mwanafunzi mwingine akalalamika kwamba mikono ya mwalimu inagandaganda. Dada akaita fundi wa intaneti, naye akapima mara mbili.

"Hamsini ni ya kupokea, mama," akasema. "Tena wameandika 'hadi', kufika huko hawajaahidi. Sasa hivi unapokea thelathini na nane. Ya kutuma ni moja tu, na hiyo hawaiweki kwenye tangazo. Wewe kazi yako ni kutuma."

"Kwa hiyo mimi nawaona vizuri..."

"Wao ndio hawakuoni."

Mimi niliona haya, maana yule mzee nilikuwa nimemcheka waziwazi.

Tulihamia kampuni nyingine, ishirini kupokea na ishirini kutuma. Ni namba ndogo, bangoni haimshtui mtu. Siku intaneti mpya ilipofungwa, dada alimpigia babu kwa video, hata salamu akasahau.

"Babu, nisamehe. Kosa lilikuwa huku kwangu. Mikono yangu ulikuwa huioni."

Babu alivua miwani, akaishika.

"Mimi nilidhani ni uzee, mwalimu. Juzi nimemwambia binti yangu asimlete mtoto."

Machozi yalimlenga dada. "Mpigie leo hii, mwambie amlete. Tutasoma kila siku mpaka afike."

Babu akavaa miwani, akasogea karibu na skrini.

"Basi tuanze na jina lake," akasema. "Ulinionyesha katika somo la kwanza kabisa. Sikuliona."