Bakuli Lililovunjika Mara Moja Tu

Mimi mdomo nilijaliwa. Kwetu hakuna asiyejua hilo. Kwa hivyo nilipopata kazi ya jikoni kwa watawa wa Lavington, wale wasiotoka nje ya ukuta wao na wanaokula bila kusema neno, mdogo wangu alicheka akashika mbavu. "Wewe? Mahali pa kunyamaza? Utafutwa kabla ya saa nne!"

Wakati huo tulikuwa bado tunacheka pamoja. Kisha mama yetu akaanguka bafuni. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akimwogesha. Alitoka dakika moja kupokea simu, kurudi akamkuta mama chini, nyonga imevunjika. Aliomba msamaha huku analia, nami nikamwambia, "Nimekusamehe." Woi, msamaha gani ule! Mama akilalamika mguu, namkumbusha mdogo wangu lile bafu. Chai ikimwagika, "Si wewe ni mtu wa kuacha vitu vianguke?" Mwishowe akaacha kuja. Miezi minne. Nguvu za mama zilikuwa zinapungua, na kila asubuhi aliuliza, "Huyo mtoto wangu amenikataa?" Mimi najibu ana kazi nyingi.

Sasa, watawa wale wana desturi yao. Anayevunja chombo hubeba vipande mpaka chumba cha kulia, anapiga magoti mbele ya wenzake na kusema, "Nimevunja hiki." Mama mkuu anagonga meza mara moja, yule anainuka, anakula. Basi. Siku moja mtawa kijana alivunja bakuli kubwa la mboga, na mimi nikayaona yote kupitia dirisha la jikoni. Wiki mbili baadaye akaja kuchukua sukuma wiki, katika ile saa wanayoruhusiwa kuongea, nikamtania: "Karibu, Sista wa Bakuli! Leo nikupe la plastiki?"

Akainamisha macho. Mtawa mzee niliyekuwa namenya viazi naye akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Bakuli gani?"

"Si lile alilovunja juzijuzi..."

"Dada, meza ilishagongwa," akasema kwa upole. "Hapa hakuna bakuli. Sasa unamvunjia lingine."

Akaendelea kumenya. Nilitoka nikijifanya naenda kumwaga maganda, nikalia huko nyuma kwenye mbolea. Mdogo wangu alimwangusha mama mara moja, na kwa bahati mbaya. Mimi nilikuwa namwangusha yeye kila siku, tena makusudi. Aki niliaibika.

Nikampigia simu. "Ni mimi. Mama anakuulizia. Huu mdomo wangu umekukosea, na sitarudia tena."

Akasema, "Tutaona."

Jumapili alikuja na ndizi. Mama alimshika mkono, hakuuachilia mpaka chai ikaisha. Kisha akasema anataka kuoga. Mdogo wangu akanitazama, na nilijua anangoja nini: niseme wacha nimpeleke mimi, ama niseme acha simu hapo mezani. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Nikachukua kikombe nikanywa masalio ya chai, baridi hivyo hivyo.

Wakaenda, mlango ukafungwa. Nikasikia maji yanamiminwa, kisha kimya, na miguu yangu ikataka kuinuka yenyewe. Niliomba, wala si kwa maneno matamu: Bwana, niketishe hapa. Nikakaa. Mara nikamsikia mama akicheka, analalamika kwamba anasuguliwa kama sufuria.

Walitoka mama amejifunga leso, ananukia sabuni. Mdogo wangu akamketisha polepole, kisha akasimama mbele yangu, mikono bado inadondoka maji.

"Hukuja mlangoni," akasema, na machozi yakamtoka.

Akajipangusa uso kwa mkono, akamgeukia mama.

"Kesho nitakuja mapema, mama. Nitakuogesha kabla niende kazi."