Nilivyomtega Nasra kwa Mieleka ya Kijapani

Ilianza Ijumaa, saa kumi na nusu alasiri, sebuleni kwa bibi yetu, mtaa wa Al Khoudh, kahawa ya hel, yaani iliki, ikinukia na halwa bado ina moto sahanini. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nilikaa nyuma ya mlango, mahali pangu pa siku zote, nikamsikia binti ami yangu Nasra akiwaambia wakubwa: "Yule bingwa goti lilimuuma dakika kumi nzima, mara likapona kama limepakwa mafuta ya zeituni!" Watu wakacheka. Ami Khalfan, mdogo wake baba, akapiga paja. "Wallahi huyu ndiye mchambuzi wetu!" Masikio yaliniungua. Maneno yale yalikuwa yangu, nimeyaandika mchana uleule kwenye daftari langu, na daftari nililiacha chumbani kwa bibi, chini ya mto.

Maonesho yale ya mieleka, ile ya ulingoni ambayo mshindi hupangwa na waandaaji, yalikuja moja kwa moja kutoka Japani. Kwao ilikuwa jioni, kwetu saa saba u nusu, wakati wanaume wanarudi msikitini na sinia za wali zinashushwa. Ami Khalfan aliipenda mieleka tangu ujana wake, lakini mtu mzima haachi sinia ya Ijumaa kwa mama yake akakodolea simu. Kwa hiyo alingoja kahawa ndipo asimuliwe. Mimi nilikula tonge tano, nikajitenga na simu chumbani kwa bibi. Bibi akipita alichungulia na kusema, "Wanaume wazima na vichupi! Hawana mama hawa?" Kisha akakaa kitandani. "Huyo wa buluu kaonewa," akasema, na mimi nikaandika. Mbele za watu sauti ilinikauka, hata salamu niliitikia kwa kichwa. Kwenye daftari sikumwogopa mtu. Niliandika nani kaanguka kabla hajaguswa, nani anapiga kiwiko kama anafukuza nzi, pambano gani limerefushwa bila sababu. Nilikuwa nakusanya ujasiri wa kumsomea Ami siku moja. Nasra, mkubwa wangu kwa miaka mitatu, mwenye sauti ya kujaza nyumba, alinitangulia kwa maneno yangu mwenyewe.

Ijumaa mbili zilizofuata akafanya vilevile. Nilimwona akiingia chumbani wakati nanawa, akatoka na simu mkononi, kurasa zangu zimeshapigwa picha. Ningeweza kumwambia mama. Sikutaka. Nilitaka aanguke mwenyewe, palepale alipopigiwa makofi, wote wakiona.

Ijumaa ya nne lilikuwa pambano kubwa la msimu: bingwa mkongwe niliyempa jina la Mzee Kiwiko, dhidi ya yule kijana wa buluu. Nililiangalia lote bila kupepesa. Dakika thelathini zikaisha, kengele ikalia, hakuna aliyeshinda. Kule ndiyo desturi yao: muda ukiisha, basi, ni sare, wote wawili wamelala sakafuni wanahema. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika kwamba Mzee Kiwiko alipanda juu ya kamba dakika ya ishirini, akaruka kama mwewe, akamlalia kijana, mwamuzi akahesabu tatu. Nikatia na machozi ya watazamaji. Uongo mtupu, ila nilipanga kila sentensi vizuri kuliko nilivyowahi kupanga ukweli. Nikaliweka daftari chini ya mto, nikaenda kunawa taratibu sana.

Kwenye kahawa Nasra hakusimulia tu, alisimama juu ya mto wa kukalia akaonesha ule mruko. "Kama mwewe, Ami! Watu wanalia!"

Nikatoka nyuma ya mlango. Nikaiegemeza simu kwenye birika la kahawa, nikabonyeza dakika ya mwisho. Kengele ikalia mbele ya wote.

"Sare!" Ami Khalfan akasema. "Nasra mwanangu, mbona huyu mzee hajaruka hata kizingiti?"

"Kaangalia usingizini," bibi akasema, na sebule nzima ikaangua kicheko.

"Lakini imeandikwa..." Nasra akaanza.

"Imeandikwa wapi?" Ami akauliza.

Nasra akanitazama. Nikamtazama. Asingeweza kunishitaki bila kujishitaki, na alilijua hilo, na mimi niliona anavyolijua. Akateremka kwenye mto, akakusanya vikombe ambavyo watu walikuwa bado wanavinywea.

Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma. Sikumwonea. Ila Ami aliuliza, "Basi yale maneno matamu ya wiki zile ni ya nani?" na mimi, niliyetoka nyuma ya mlango kwa mara ya kwanza, nikashindwa kufungua mdomo. Nasra alikuwa kaanguka, lakini maneno yangu hayakuwa yamerudi kwangu.

Sasa nina miaka kumi na saba. Nasra yuko chuo kikuu, hatua chache kutoka kwa bibi; tukikutana harusini ananikumbatia, nami namkumbatia, na sijamsamehe. Shuleni nabishana na wenzangu juu ya pambano lolote, wakati mwingine hadi mwalimu anatunyamazisha. Sauti hii sikuzaliwa nayo. Naijua siku iliyotoka.

Maana asubuhi ya Jumamosi iliyofuata sare ile, nyumbani kwetu Ansab, kabla ya chai, nilichana ukurasa wa uongo, nikaandika wa kweli, nikampigia Ami Khalfan.

"Sabalkheri, Ami. Nataka kukusomea kitu."

Nikasoma kwa sauti inayokatika: "Wamebanana chini robo saa nzima wakihifadhi pumzi, na anayejua kuangalia alishajua sare inapikwa. Waandaaji wameogopa kumpa kijana mkanda wa ubingwa. Huo ni uoga, na kijana kaonewa."

Nikamsikia akicheka.

"Kumbe ni wewe," Ami akasema. "Haya, nna wasaa. Anza pambano la kwanza."

Nikarudisha kurasa hadi pambano la kwanza, nikaanza.