Kiroboto na Vifaa Arobaini na Kimoja

Kazini walimwita Kiroboto kwa sababu hakuweza kukaa akatulia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mwembamba, mwenye goti lisilotulia chini ya meza hata dakika moja. Likitikisika, meza nzima ilitikisika, na chai ya jirani yake ikamwagika kwenye kisahani. Jirani huyo alikuwa mhandisi wa umri wa kumzaa, ambaye wote walimwita Babu. Alishazoea kushika kikombe kwa mkono wa kushoto huku akiandika kwa wa kulia.

Waliandika programu za kuendesha lifti. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja kirefu juu ya karakana, na sakafu ilitetemeka kila mafundi wa chini walipowasha mashine ya kukatia chuma. Programu zenyewe ziliandikwa kwa C, lugha kongwe ya kompyuta isiyokupa cha bure: ukitaka kitu, kiunde mwenyewe. Lifti zao zilikuwa na aina arobaini na moja za vifaa. Kulikuwa na mlango, breki, mota, kitufe, kengele, na vingine ambavyo abiria hajui hata kama vipo. Vyote vilichukuliwa kuwa watoto wa mzazi mmoja aliyeitwa Kifaa, lakini C haijui mtoto wala mzazi, basi ukoo mzima ulishonwa kwa mkono. Kila aina ilihitaji mistari sitini ileile: umbo lake, namna ya kuiunda, namna ya kuifuta, na jedwali la kusema ikiambiwa iwake ifanye nini, ikiambiwa izime ifanye nini.

Kikija kifaa kipya, Kiroboto alinakili mistari sitini ya kifaa cha zamani, akabadilisha jina kila lilipotokea, akaendelea na kingine. Miaka minne alifanya hivyo. Alimwambia mumewe, mwalimu wa hesabu, kwamba kazi ile inamla taratibu kama mchwa. Mumewe akamjibu kwamba hata yeye hufundisha tatu mara nne kila mwaka, na jibu halijawahi kubadilika. Walicheka, lakini asubuhi yake aliingia ofisini kwa miguu mizito.

Siku moja alihitaji taa mpya ya kuonyesha namba ya ghorofa. Akanakili mistari ya breki. Jina la breki lilitokea mara kumi na saba. Akabadilisha kumi na sita. Neno moja likabaki, na kwa neno hilo, kila taa ilipoambiwa izime, iliyoitika ilikuwa breki. Babu aliipitia kazi yake, kama ilivyokuwa desturi, naye hakuliona. Meza ya majaribio nayo haikuonyesha kitu, maana siku hiyo breki haikuwa imeunganishwa.

Wiki mbili baadaye lifti ilisimama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne ikiwa na mama mmoja ndani, muuguzi mstaafu aliyekuwa akienda kwa daktari wa macho. Alikaa mle saa moja na dakika arobaini.

Angeweza kulalamika kwa simu. Alikuja ofisini mwenyewe, tena kwa ngazi, mkoba kwapani, akaomba kuonana na mtu aliyeandika programu ile. Meneja alimpamba kwa maneno ya pole na kumwahidi barua. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akarudia ombi lake. Ndipo Kiroboto akaitwa, akaketi mbele yake, mikono imebana magoti yasicheze.

"Sikuja kugombana, mwanangu," alisema yule mama. "Nataka kujua tu. Ulikuwa unawaza nini ulipokuwa unaandika?"

Kiroboto aliliacha jibu la kiofisi.

"Nilikuwa siwazi, mama. Nilikuwa nanakili."

Mama akatikisa kichwa polepole. Akaeleza kwamba wodini kwake waliokosea dozi mara nyingi hawakuwa wageni. Walikuwa wazoefu, walioandika kitu kilekile mara ishirini katika zamu moja, mkono ukajiendea wenyewe. Akamshika bega, akaaga, akashuka kwa ngazi zake.

Kuanzia hapo Kiroboto hakula akashiba. Akioga alikuwa akihesabu mistari, akipika alikuwa akihesabu mistari, na mara mbili aliteremka kituo kisicho chake. Hakutaka kuwa mwangalifu zaidi. Uangalifu wake alikuwa ameshaujua unapoishia. Alitaka pasiwe na cha kunakili.

Njia ilikuwapo ndani ya C yenyewe. Kabla programu haijasomwa na kompaila, mtambo unaoyageuza maandishi kuwa lugha ya mashine, kuna hatua ya kubandika. Unaweza kutunga neno moja na kuagiza: kila ukiliona hili, weka mistari hii sitini mahali pake, na jina la kifaa lijaze hapa, hapa na pale. Neno la namna hiyo huitwa makro. Kiroboto akatunga moja, kisha akaandika orodha ya vifaa, kila kifaa mstari mmoja tu: jina lake, kikiwaka kinafanya nini, kikizima kinafanya nini. Makro ikapita juu ya orodha na kuzaa mengine yote. Jina sasa liliandikwa mara moja, basi halikuwa na pa kusahauliwa.

Babu hakupendezwa.

"Mistari nisiyoiona siwezi kuilinda," alisema.

"Ile ya breki uliiona, Babu, na ikapita."

Maneno yalishatoka. Babu aliweka kikombe chini, akageukia skrini yake, na siku mbili hawakusemeshana zaidi ya salamu. Siku ya tatu akaipitisha kazi ile bila kuandika neno. Mistari elfu mbili na mia nne ikafutwa mchana mmoja, na meneja akawanunulia maandazi.

Lakini mwonja asali haonji mara moja. Kiroboto sasa kila alipoona maneno mawili yanayofanana aliyatungia makro. Akatunga ya kukagua kifaa kabla ya kukitumia, akatunga na nyingine ya kuiita hiyo. Wenzake walipomwuliza hili linafanya nini, aliwajibu upesi mno, naye akiwa ameshahamia lingine.

Katikati ya hayo mdogo wake akajifungua, naye Kiroboto akaenda kumuuguza wiki moja katika mji mwingine. Hata wodini goti lilicheza mpaka kitanda kikalia, na mdogo wake akamwambia, "Dada, kaa utulie, au toka nje. Mtoto mwenyewe ametulia kuliko wewe." Alikuwa nje kwenye korido Babu alipopiga simu, mtu ambaye hakuwahi kumpigia.

Milango ya majaribio ilikuwa minane. Babu alikuwa ameandika programu fupi ya kuifunga yote, mmoja baada ya mwingine, na alikuwa ametumia makro ya Kiroboto ya kukagua. Minne ilijifunga. Minne ilibaki wazi. Siku tatu alikuwa akiisoma kazi yake mstari kwa mstari, na kila mstari ulikuwa sawa.

"Nimeanza kudhani ni uzee," alisema. Sauti yake haikuwa na utani.

Kiroboto alirudi kwa basi la asubuhi, roho juu njia nzima. Akaketi kando ya Babu, wakaiamuru kompaila isiendelee, ichape kwanza kile ambacho makro zilikuwa zimekibandika. Zikatoka kurasa na kurasa. Babu akawa anasoma kwa kidole. Katika ukurasa wa tisa kidole kikasimama. Babu alikuwa ameandika "mlango unaofuata" mara moja, lakini makro, inayobandika tu bila kuelewa, ilikuwa imeyaweka maneno hayo mahali pawili: ikakagua mlango unaofuata, kisha ikasogea mbele tena na kufunga mlango unaofuata. Kila safari ilikagua mmoja na kufunga mwingine.

Kosa halikuwa la Babu hata kidogo. Yeyote angeandika vile. Kiroboto aliikunja ile karatasi, akaikunjua, akainuka, akaketi tena.

"Nilikuumiza kwa maneno," alisema, "halafu nikakutegea shimo."

"Ulisema kweli kuhusu breki," Babu alijibu. "Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Sasa ondoa hizi za werevu, ile ya orodha iache."

Wiki nzima Kiroboto alizing'oa. Kukagua mlango kukarudi kuwa kipande cha kawaida cha programu, kinachopewa mlango mmoja na kuushika huohuo mpaka mwisho. Makro ya orodha ilibaki, na Babu akaweka sharti moja: kila programu ikiundwa, maandishi yote yaliyobandikwa yahifadhiwe mahali ambapo mtu anaweza kuyafungua na kuyasoma. Aliyasoma kweli, kila Ijumaa, miwani puani, mpaka alipostaafu mwaka uliofuata.

Kilichomsumbua Kiroboto baada ya hapo hakukitarajia. Kifaa kipya sasa kilimchukua robo saa. Mchana ukawa mrefu, na mikono isiyo na cha kunakili haikujua pa kukaa. Alipanga droo. Akapanga droo ya jirani. Mwishowe akaomba ruhusa ya kufuatana na mafundi walipokwenda kufunga lifti.

Mara ya kwanza walimpandisha hadi chumba cha mashine, juu kabisa ya jengo. Kulikuwa na joto na harufu ya grisi. Fundi mkuu, dada mnene mwenye ovaroli iliyochanika kiwiko, akamwonyesha breki: vyuma viwili vilivyokumbatia gurudumu. Akamwambia aondoe mkono, akabonyeza kitufe. Breki ikabana kwa kishindo kilichomrusha Kiroboto hatua nzima nyuma, na yule dada akacheka hadi akashika ukuta.

Miaka minne alikuwa ameiandika breki ile. Hakuwahi kujua kwamba ina sauti. Akaomba ibonyezwe tena.